Damu Imekwenda Wapi?

Ukiambiwa Matuu kwamba damu yako imeshuka, ushauri hukufikia kabla ya dawa. Jirani atakutajia managu ya mashamba ya mfereji wa Yatta, wa pili atakusagia bitiruti, wa tatu atakutuma duka la dawa ukachukue chupa ya Ranferon. Hawakosei sana. Katika mji huu wa barabara ya Thika kwenda Garissa, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kenya, damu ikipungua mara nyingi kilichokosekana ni madini ya chuma: mama aliyezaa kwa kufuatanisha, mtoto mwenye minyoo ya safura, msichana ambaye hedhi yake ni nzito. Mpe chuma, mvumilie mwezi mmoja au miwili, na damu inapanda.

Ninayetaka kumzungumzia ni yule ambaye haipandi. Amemaliza chupa tatu na bado anahema akitoka kisimani. Macho yameingia umanjano, mkojo umekuwa kama chai ya turungi, moyo unadunda akiwa ameketi tu. Hajajikata, hatoki damu, hana minyoo. Uboho wake, ukipimwa, unafyatua chembe changa kwa kasi kupita wako na wangu. Basi damu imekwenda wapi? Imeliwa, na walioila ni seli zake mwenyewe, zilezile zilizomlinda tangu utotoni.

Ugonjwa huu wa kinga kuvunja damu ya mwenyewe si wa kila siku. Kwa hesabu za Ulaya huwapata watu 1 hadi 3 katika kila 100,000 kwa mwaka. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuupotezee kurasa katika mji wenye kisukari, ajali za bodaboda na shinikizo la damu. Jibu langu ni kwamba ni ugonjwa adimu wenye pacha wengi, na kwetu pacha hao si adimu. Dawa inayomwokoa mwenye ugonjwa wenyewe inaweza kumzika pacha wake. Kuelewa ni seli gani iliyobadilika, na ni ipi iliyotumwa tu, si anasa ya maprofesa wa Nairobi.

Tuanze na mauti ya kawaida ya chembe nyekundu. Huishi siku 120 hivi. Uboho huzalisha takriban milioni 2 kila sekunde, na idadi kama hiyo hustaafu. Mahali pakuu pa kustaafishwa ni wengu, kiungo cha ukubwa wa ngumi kilicho kushoto chini ya mbavu. Humo damu hupitishwa kwenye mianya myembamba kuliko chembe yenyewe. Changa hujikunja ikapenya. Kuukuu hukwama, na seli kubwa ziitwazo makrofeji huimeza. Rangi yake huwa umanjano unaopelekwa kwenye ini na nyongo, na chuma chake hurudishwa ubohoni kikatumike tena. Ndiyo maana chuma cha Ranferon hakimfai mgonjwa wetu: chuma anacho, labda tele, isipokuwa katika zile aina ambazo chembe hupasukia ndani ya mishipa na chuma kikapotelea kwenye mkojo. Anachoishiwa ni asidi ya foliki, kwa kuwa uboho unaofanya kazi mara sita huila haraka. Kidonge hicho ni miongoni mwa vya bei ndogo kabisa katika duka lolote la dawa, na kinasahaulika kuliko vyote.

Katika ugonjwa huu, kazi ya wengu inabaki ileile ila chembe zinastaafishwa zikiwa na siku chache. Kinachozitia hatiani ni kingamwili. Aina iliyo nyingi huitwa ya joto: kingamwili za jamii ya IgG hujibandika kwenye chembe nyekundu katika joto la kawaida la mwili, nyuzi 37, mara nyingi kwenye protini za Rhesus, zile zinazoamua kadi yako ya damu iandikwe chanya au hasi. IgG yenyewe mara nyingi haiui. Huweka alama. Makrofeji zina vipokezi vinavyokamata mkia wa IgG, na zikiishika chembe yenye alama huimeza nzima au huimega kipande cha utando. Iliyomegwa hutoroka, lakini imepoteza ngozi bila kupoteza vilivyomo, kwa hiyo haiwezi tena kukaa bapa. Ni kama chapati iliyofinyangwa ikarudi kuwa donge. Mtaalamu wa maabara akizitazama kwa darubini huyaona madonge hayo madogo, meusi kuliko wenzake na yasiyo na weupe katikati. Donge halipenyi mianya ya wengu. Likirudi mara ya pili halitoki.

Kila aliyefanya biashara kando ya barabara anawajua askari wa kanjo. Wanabeba ndizi zako, wanapindua meza, na ukiwagombeza wanakwambia wao wametumwa. Makrofeji ni kanjo. Alama ni karatasi iliyopigwa muhuri. Swali la ugonjwa huu, kwa zaidi ya miaka mia moja, limekuwa ni nani aliye ofisini anayepiga muhuri.

Aina ya baridi ni nadra zaidi na tabia yake ni nyingine. Hapa kingamwili ni za jamii ya IgM, ambazo hushika chembe damu inapopoa kwenye vidole, masikio na pua. Makrofeji hazina mkono wa kuikamata IgM, lakini IgM huwasha protini za damu ziitwazo komplementi, na damu inaporudi kwenye joto la kifua IgM huachia huku komplementi ikibaki imeganda kwenye chembe. Makrofeji za ini husoma alama hiyo. Matuu ni mji wa jua, kwa hiyo mwenye aina hii ataumia zaidi akihamia Limuru mwezi wa Julai. Hata hivyo dalili yake inaweza kujitokeza maabara kabla ya mwilini: damu inagandana vijipande kwenye chupa, na mashine inatoa namba zisizoingia akilini.

Wazo kwamba mwili unaweza kujigeuka lilikataliwa mapema na watu wenye akili sana. Paul Ehrlich, aliyekuwa bingwa wa kinga mwanzoni mwa karne ya 20, aliamini kuna uoga wa asili unaozuia jambo hilo. Mwaka 1904, huko Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner, huyu akiwa yule aliyegundua makundi ya damu, walionyesha kwamba wagonjwa waliokojoa mkojo mwekundu baada ya kupigwa na baridi walikuwa na kitu ndani ya damu yao kinachovunja chembe zao wenyewe. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa kinga kujishambulia kuelezwa kwa ushahidi wa maabara. Kisha ikapita miaka 41 kabla ya kupatikana kipimo rahisi. Mwaka 1945 Robin Coombs, daktari wa mifugo kwa mafunzo, pamoja na Arthur Mourant na Rob Race, walitengeneza kinga dhidi ya kinga: walimchoma sungura protini za damu ya binadamu, sungura akatengeneza kingamwili za kushika kingamwili za binadamu. Matone ya maji hayo yakikutana na chembe zilizovaa IgG, chembe zinashikana, na hapo kipimo cha Coombs huitwa chanya. Mwitaliano Carlo Moreschi alikuwa ameeleza kanuni hiyohiyo mwaka 1908 na ikasahauliwa. Sayansi nayo ina makabati yenye vumbi.

Sasa tupande ofisini. Kingamwili hutengenezwa na seli plazma, na seli plazma huzaliwa na seli B. Kila mmoja wetu ana seli B chache zinazoweza kuitambua damu yake; hazifanyi kitu kwa sababu zimefundishwa kunyamaza, na kwa sababu hazipati kibali kutoka kwa seli T wasaidizi. Juu ya wasaidizi wapo seli T wadhibiti, ambao kazi yao ni kuzuia. Mwaka 2005 watafiti wa New York walifanya jaribio ambalo nalipenda kwa uwazi wake. Ukimchoma panya mdogo damu ya panya wa spishi nyingine inayofanana na yake, baadhi yao huanza kuvunja hata damu yao wenyewe: kama 30 kati ya 100. Walipowaondolea kwanza seli T wadhibiti, idadi ikaruka hadi 90 kati ya 100. Seli B zilikuwa zilezile, kanjo walewale. Aliyeondolewa ni mzee mmoja barazani aliyekuwa akisema hapana.

Kwa wagonjwa wa kibinadamu picha inaelekea hukohuko ingawa ina ukungu. Tafiti kadhaa zimekuta seli T wadhibiti zimepungua kwenye damu wakati ugonjwa umechacha, huku wasaidizi wa kundi linalotoa kemikali iitwayo intaleukini 17 wakiongezeka, na wale wanaokaa ndani ya vituo vya seli B wakizisukuma zikomae na kuzaana. Makrofeji nazo hubadilika, zikawa kali zaidi na zenye vipokezi vingi. Lakini tuwe waangalifu: nyingi ya tafiti hizo zina wagonjwa wachache, na damu ya mkononi si wengu. Kuhesabu seli kwenye mshipa ili kujua kinachotendeka ndani ya wengu ni kama kusimama stendi ya matatu ukitaka kujua kinachopikwa majumbani.

Hapa Afrika inaingia kwenye hadithi kwa mlango wa ajabu. Mwaka 1959, huko Dunedin, New Zealand, Marianne Bielschowsky na wenzake walieleza jamii ya panya weusi, NZB, ambao bila kuchomwa chochote huzeeka wakiwa na ugonjwa huuhuu wa kuvunja damu yao. Miaka michache baadaye daktari kijana Mwingereza, Brian Greenwood, alikuwa Ibadan, Nigeria, akashangaa kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa haba mno wodini. Mwaka 1968 aliandika kwamba huenda vimelea, na hasa malaria, vinaishughulisha kinga hata isipate nafasi ya kujigeuka. Mwaka 1970 yeye na wenzake waliwaambukiza panya wa NZB malaria ya panya, na ugonjwa wao ukapungua. Kisha miaka ya 1990 Wajapani wa kundi la Tasuku Honjo wakaja na kinyume chake: panya wao waliobadilishwa jeni waugue kuvunjika damu hawakuugua walipolelewa bila vijidudu, na waliugua walipolelewa katika mazingira ya kawaida. Malaria inazima, vijidudu vinawasha. Sioni kama mmoja lazima awe mwongo. Kinga hujifunza kwa kukutana, na inategemea umekutana na nani. Wala dai la Greenwood halinipi ruhusa ya kusema ugonjwa huu haupo kwetu. Uhaba wa wodini unaweza kuwa uhaba wa vipimo.

Tena malaria yenyewe huiga ugonjwa huu. Kule magharibi mwa Kenya, John Waitumbi, José Stoute na wenzao walichapisha mwaka 2000 matokeo ya watoto wenye upungufu mkali wa damu uliotokana na malaria. Chembe nyekundu za watoto hao zilikuwa zimepoteza baadhi ya protini zinazozikinga dhidi ya komplementi, zimebeba IgG zaidi, na makrofeji zilizimeza kwa urahisi. Hata chembe ambazo hazikuwa na kimelea ndani yake zilikuwa zikiliwa. Kanjo hawakuwa na ugomvi na kina mama wasio na hatia, lakini muhuri ulikuwa umerushwa soko zima. Mimea na dawa za kuongeza damu hazina la kufanya hapo. Kinachozuia ni kuondoa kimelea.

Matibabu ya ugonjwa wenyewe yamekuwa safari ya kupanda ngazi kutoka kwa kanjo kwenda ofisini. Walianza na kuvunja kituo: mwaka 1911 Federico Micheli, Mwitaliano, alieleza mgonjwa aliyeondolewa wengu akapata nafuu. Upasuaji huo bado upo, na kama theluthi mbili ya wagonjwa hufaidika. Kwa Ukambani kwetu, hata hivyo, nina wasiwasi nao. Asiye na wengu hukosa kizuizi chake dhidi ya bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, anaweza kufa ndani ya saa chache kwa homa iliyoanza asubuhi, na malaria humkuta bila mlinzi. Anahitaji chanjo kabla ya kisu na dawa mkononi maisha yake yote. Mtu anayeishi kilomita nyingi za vumbi kutoka kituo cha afya, na safari zake za kuwatembelea ndugu zinampeleka Kibwezi au pwani, si wa kuvuliwa wengu kwa wepesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja dawa za jamii ya kotisoni, naye William Dameshek wa Boston alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia kwa ugonjwa huu. Prednisoloni ndiyo nguzo hadi leo: kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na wagonjwa 70 hadi 80 kati ya 100 hupata nafuu ndani ya wiki chache. Inafanya kazi kwa awamu mbili. Siku za kwanza inazifunga makrofeji mikono: vipokezi vyao hupungua nguvu, chembe zenye alama zinapita bila kukamatwa. Kipimo cha Coombs kinaweza kubaki chanya wakati damu imeshapanda, jambo linalowachanganya wagonjwa na wakati mwingine waganga. Baada ya wiki ndipo utengenezaji wa kingamwili nao unapungua. Kisha dozi inashushwa polepole, kwa miezi. Na hapo ndipo udhaifu wake unapoonekana: ukiisimamisha, ni kama theluthi moja tu wanaobaki wazima kwa muda mrefu. Kanjo walikuwa wamepewa likizo, ofisi haikufungwa.

Azathioprini, saiklofosfamidi na mikofenoleti hupunguza uzalianaji wa seli T na B kwa jumla. Si mpya, si za ajabu, zinahitaji kuhesabu damu mara kwa mara, na kwa wengi wasioweza kumudu kingine ndizo zinazowatoa kwenye prednisoloni.

Rituksimabu ilibadilisha mazungumzo. Ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, inayoshika alama ya CD20 iliyo juu ya seli B, na ndani ya wiki chache seli B zinatoweka kwenye damu kwa miezi sita au zaidi. Wadenmaki walichapisha mwaka 2013 jaribio la wagonjwa 64: baada ya mwaka mmoja, waliopewa prednisoloni pamoja na rituksimabu waliokuwa bado na nafuu walikuwa 75 kati ya 100, na waliopewa prednisoloni pekee 36. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, ingawa kwa sababu ya saratani. Bei ndiyo mlima. Ndiyo maana ninaona jaribio dogo la Waitaliano lilikuwa na maana kwetu kuliko mengi makubwa: walitumia miligramu 100 tu kila wiki kwa wiki nne, badala ya dozi ya kawaida ambayo kwa mtu mzima hufika miligramu 600 na zaidi, na matokeo yalikuwa mazuri. Chupa nne ndogo, nazo siku hizi zipo za nakala kutoka India. Hili ni jambo la kumuuliza daktari wa damu bila kuona haya.

Na bado wapo ambao rituksimabu haiwafai. Kwa nini? Wafaransa walipochunguza wengu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji baada ya dawa hiyo kushindwa, walikuta seli B zimefagiwa kweli, lakini seli plazma zilikuwa zimekaa pale pale, zikitoa kingamwili dhidi ya damu. Seli plazma haina CD20, kwa hiyo dawa haiioni. La kushangaza zaidi, zilikuwa na sura ya zile zinazoishi muda mrefu, kana kwamba kuondoka kwa seli B kuliziachia nafasi na chakula. Ukimfukuza bosi, karani aliyebaki na muhuri anahamia kwenye kiti chake. Ndiyo sababu sasa watafiti wanajaribu dawa za kuua seli plazma, dawa za kuharakisha kuondolewa kwa IgG mwilini, hata seli T zilizofunzwa upya kuwinda ukoo mzima wa seli B. Kwa aina ya baridi, Marekani iliidhinisha sutimlimabu mwaka 2022, inayokata komplementi mwanzoni kabisa. Nazipita haraka kwa sababu katika barabara ya Garissa hazijafika, na mgonjwa wetu anaweza kuokolewa bila hizo.

Anachohitaji kuepushwa nacho ni haraka ya kumpa prednisoloni kabla ya kuuliza.

Tuseme mama mtu mzima ameletwa kutoka upande wa Masinga, amekonda, damu imeshuka, wengu umevimba hadi kitovuni, homa za jioni wiki nyingi. Kipimo cha Coombs kinatoka chanya. Kitabu cha Ulaya kinasema: kinga kujishambulia, anza kotisoni. Ardhi hii inasema: ngoja. Ukambani una historia ya kala-azar. Kitui ilipata mlipuko mkubwa mwaka 1952 na 1953, na mlipuko uliokuja baadaye Machakos uliandikwa na Wijers na Kiilu mwaka 1984. Masinga ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa sana miaka hiyo. Kimelea huletwa na usubi aitwaye Phlebotomus martini, mdudu mdogo kuliko mbu, anayejificha kwenye vichuguu. Kimelea hicho huishi ndani ya makrofeji zenyewe, ndani ya kanjo, na kinazitibua seli B zote kwa pamoja hata IgG zinafurika kwenye damu bila mpango. Nyingine hunata kwenye chembe nyekundu. Ndiyo maana Coombs inaweza kuwa chanya, kama Woodruff na wenzake walivyoeleza tangu mwaka 1972 walipoichambua damu ya wenye kala-azar. Sasa mpe mtu huyu prednisoloni: unazifunga mikono seli pekee ambazo zingeweza kukiua kimelea. Anayejua swali la kuuliza huanza mbali. "Mwaitu, hizi homa zilianza lini? Nyumbani kuna vichuguu karibu? Kuna mwingine aliyevimba tumbo hivi?" Kipande cha karatasi cha kupima kala-azar kwa tone la damu hutoa jibu kwa dakika chache, na dawa yake, sindano za siku 17 za aina mbili kwa pamoja, haina uhusiano wowote na kotisoni.

Kifua kikuu ni pacha wa namna nyingine: kinaweza kuwa kimelala, prednisoloni ikakiamsha. Virusi vya homa ya ini ya B vinaweza kulipuka mtu akipewa rituksimabu, na kuvipima kabla ni lazima. Minyoo ya Strongiloidi, inayoingia kwa miguu mitupu, huweza kusambaa mwili mzima chini ya kotisoni. Ni busara kuitibu kwanza. Virusi vya Ukimwi vinaweza kuleta Coombs chanya. Lupasi hufanya hivyo kwa wasichana, saratani za seli B kwa wazee. Selimundu na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD huvunja damu bila kingamwili yoyote, na hapo Coombs hutoka hasi.

Halafu zipo dawa zetu wenyewe. Methildopa, ambayo wengi huijua kwa jina la Aldomet, ndiyo kidonge cha kliniki ya wajawazito kwa ajili ya presha. Tangu mwaka 1966 inajulikana kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 wanaoitumia kwa miezi hupata Coombs chanya. Wanaovunjika damu kweli ni wachache, chini ya 1 kati ya 100, na wengi hupona dawa ikiachwa. Si sababu ya mama mjamzito kuitupa. Ni sababu ya mganga kuikumbuka damu ikianguka bila maelezo. Seftriaksoni, sindano ambayo naona inachomwa kwa wepesi mno kila homa isiyo na jina, inaweza kuvunja damu kwa ghafula kwa mtu aliyewahi kuipata, hasa mtoto mwenye selimundu, na ikaua. Artesuneti ya mshipani imeokoa maisha mengi kwa malaria kali, lakini wiki moja hadi tatu baadaye damu huweza kushuka tena, kwa sababu ya ufundi wa wengu: hukifyonza kimelea kilichokufa kutoka ndani ya chembe na kuirudisha chembe barabarani ikiwa na maisha mafupi. Baadhi ya wagonjwa hao nao Coombs yao huwa chanya. Mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na kuambiwa amepona arudi kupimwa baada ya siku 14.

Jambo la mwisho linahusu kuongezewa damu, na hapa familia huteseka bure. Ndugu wanatoka Kithimani, wanatoka Ikombe, wanajitolea damu, na kila chupa ikilinganishwa maabara "inakataa". Wanaanza kutazamana. Nani amelogwa? Hakuna. Kingamwili ya mgonjwa inashika protini iliyo kwenye damu ya karibu kila binadamu, hata yake, kwa hiyo hakuna damu itakayokubali, iwe ya kaka wa tumbo moja au ya mgeni wa Garissa. Mgonjwa ambaye damu yake imefikia gramu 3 kwa desilita na moyo unaelekea kushindwa hawezi kungoja chupa kamilifu. Hupewa ile inayokataa kwa unyonge zaidi, ya kundi lake, kidogo kidogo, muuguzi akiwa kando. Ikivunjwa itavunjwa kwa kasi ileile ya damu yake, lakini itakuwa imempitisha usiku. Kesho gari litafika Thika au Machakos, au Nairobi kilomita 100 hivi.

Kipimo kinachoanza kutenganisha yote haya hakihitaji mashine ya mamilioni. Maabara inayolinganisha damu kwa utaratibu kamili tayari ina kichupa cha maji ya Coombs kwenye friji, kwa kuwa ndicho kinachomalizia kazi hiyo. Chembe za mgonjwa huoshwa kwa maji ya chumvi mara tatu au zaidi, ili IgG zinazoelea bila kushika kitu ziondoke zisije zikala dawa ya kipimo. Matone mawili yanaongezwa. Mrija unazungushwa, unatolewa, unainamishwa taratibu mbele ya mwanga wa dirisha. Kidoto chekundu kilicho chini kinaanza kuachia: ama kinatawanyika kama moshi, ama kinanyanyuka kipande kwa kipande, chembe zikiwa zimeshikana.